Nshakula

Jumatano, tarehe 6 Disemba 1972. Asubuhi mvua ya vuli ilipiga kidogo, ya kulaza vumbi tu, kisha jua likatoka kali na kuta za mawe zikawa zinafuka mvuke. Upepo hapana.

Naanza hivi kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kwa miaka miwili na zaidi nilikuwa naandika daftari la sukari: tarehe juu, na chini yake chakula cha jioni. Hali ya hewa niliiongeza mwenyewe. Siku moja Daktari aliyetupa madaftari aliniuliza mvua inahusu nini na maradhi, lakini hakunikataza. Mie si mwandishi. Nimesoma chuoni mpaka nikahitimu msahafu, na skuli mpaka darasa la nne, basi. Naandika haya kwa sababu kila nikienda hospitali naona watu wapya kwenye lile benchi letu la wagonjwa wa sukari, wamekonda, midomo imekauka, na hakuna anayewaambia lolote. Nikikosea pahala wanisamehe. Mengine siyakumbuki vizuri, na mengine nayakumbuka lakini siwezi kuyaapia.

Ugonjwa ulinianza katika joto la kaskazi, mwanzo wa mwaka 1968. Ilianza kiu. Nikinywa maji, nikimaliza kata natamani nyengine, na usingizini naota nakunywa. Mume wangu Makame, ambaye ni seremala wa milango, alinifanyia mzaha, akaniuliza kama nimemeza chumvi ya bahari nzima. Mzaha ukaisha nguo ziliponivuka. Bangili zilitoka mkononi zenyewe, sikuzivua. Aliyegundua ni mamamkwe. Aliwaona sisimizi chooni wamejipanga mstari kwenda pale ninapokojoa, akamwita Makame aje aone, na mimi nimesimama pale pale kama mbuzi anayekaguliwa. Alisema nimetupiwa kitu na kwamba mwanawe kaoa kuni. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Lakini ni haki niseme pia kwamba siku nilipoanguka uani, yeye mtu mzima yule ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitali walichemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba cha kioo. Ukibaki buluu, huna kitu. Ukigeuka kijani, kidogo. Ukienda manjano, vibaya. Wangu ulikuwa mwekundu kama tofali. Nikaambiwa ni sukari na kwamba nitapigwa sindano maisha yangu yote.

Mwaka ule wa kwanza sindano zilikuwa zikija na kukatika. Zikija, napata nguvu, nafua, napika, nakwenda sokoni Darajani. Zikikatika, narudi kwenye mkeka. Nilipungua macho. Nikitunga uzi katika sindano ya kushonea, naona matundu mawili, sijui la kweli lipi. Makame alihamia kulala barazani. Alisema ni joto. Simlaumu: nilikuwa naamka mara sita, na kitanda mara nyengine kilikuwa kimelowa.

Baada ya masika ya mwaka 1969 ndipo akaja huyo Daktari. Alitoka nje, nchi yake siitaji, na Kiswahili alijifunza kitabuni: kila neno limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Alituweka kwenye benchi katika chumba cha nyuma akatueleza kwamba huko kwao watu wametoa fungu kwa ajili ya utafiti. Walitaka kujua sukari inaharibu vipi macho na miguu ya watu, na kama watu wa visiwani wanaharibika kama wa kwao au vyengine. Atakayeingia katika utafiti atapata sindano bila ya kukatika, muda wote fungu litakapokuwepo. Naye atatoa damu kila Jumatatu, atafunuliwa macho yamulikwe, atachomwachomwa nyayo kwa pini, na ataandika katika daftari kila alichokula jioni. Kipimo cha sindano kitafuata daftari.

Alikuwepo mzee mmoja wa Kitumbatu, Mzee Vuai, mwenye kidonda mguuni kisichopona. Ulimi wake ulikuwa mzima kuliko mguu. Akamuuliza Daktari:

"Fungu hilo ni fungu la samaki au fungu la mchanga?"

Daktari akafungua kitabu chake cha maneno. Mzee Vuai hakumngoja.

"Maana la samaki utalila. La mchanga unalisimamia tu, maji yakijaa hulioni tena."

Tulicheka sote, na Daktari naye akacheka kwa adabu. Nadhani hakufahamu. Na sisi hatukufahamu sawasawa, ila tuliingia.

Ubavuni kwangu alikaa Bi. Kazija. Tulikuwa tunaishi nyumba moja Mkunazini, sisi juu, yeye chumba cha chini kinachotazama ua. Sisi tulipewa vyumba vile baada ya Mapinduzi. Yeye alikuwepo tokea zamani, na zamani hiyo nyumba nzima ilikuwa ya jamaa zake. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata kwa jicho. Alikuwa mjane, mtoto hana, anatunga vifungo na kudarizi kofia. Ndiye aliyenifundisha kujipiga sindano. Alichukua chungwa, akaniambia nichome kama ninayemchoma adui wa mtu mwengine, yaani bila ya hasira. Alinifundisha kuifunga chupa ya dawa kitambaani na kuitumbukiza kwenye mtungi ipate ubaridi, na kuinoa sindano kwenye kinoo ikianza kuuma. Nikimwamkia shikamoo, huitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekaa kitini hata akiwa amekaa chini.

Hata kufunga sukari katika pindo la khanga, yeye ndiye aliyeniambia. Sindano ikizidi chakula, alisema, mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, akili hupotea. Dawa yake ni kijiko cha sukari, upesi.

Miaka ile miwili ilikuwa mizuri, sina budi kukiri. Nilinenepa. Benchi likawa kama ukumbi wa harusi, watu wanataniana kwa rangi za mikojo yao. Mzee Vuai akimwona mtu katoka na tofali, humwambia achangie tu, msikiti wake unajengwa. Mimi nikawa mwandishi. Wengi hawakujua kuandika, basi Jumatatu asubuhi kabla ya kuitwa walikuwa wananitajia walichokula wiki nzima, nami nikiwaandikia kila mtu daftari lake. Nilijiona mtu. Pengine hapo ndipo pa kuanzia lawama, pale nilipojiona mtu.

Kisha vyakula vikaadimika. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo sitaki kumchosha. Mchele ukawa kwa zamu, unga kwa zamu, sukari kwa zamu, foleni ya duka la ushirika inaanza kabla ya alfajiri na wewe huna hakika. Tulikula muhogo, mashelisheli, ndizi mbichi, na siku nyengine chai ya rangi. Siku mbovu zaidi tulikula maji ya moto.

Lakini hakuna aliyeandikisha maji ya moto. Mtu anakaa ubavuni kwangu, namwuliza jana kala nini, anatazama mbele ananiambia, andika wali na mchuzi wa changu. Namwandikia. Mwengine wali na pweza. Mwengine pilau. Na kwenye daftari langu mwenyewe, nisifiche, jumla ya siku kumi na mbili nimeandika wali ambao sikuula. Kutangaza kwamba jikoni kwako kukavu si jambo la heshima, na lile daftari linasomwa na mgeni.

Bi. Kazija alikuwa anapita kiasi. Kila jioni, baada ya Magharibi, alikuwa anawasha seredani yake uani na kukaanga kitunguu kimoja. Kimoja tu, kimekatwa chembamba. Harufu inapanda ngazi mpaka kwetu. Mara ya kwanza nilidhani kapata kitu. Mara ya tatu nikachungulia kutoka juu nikaona chungu hakina chengine, kitunguu peke yake, naye anakikoroga taratibu kama mtu mwenye wageni. Nilirudi ndani. Nikimpelekea kibakuli cha muhogo, hukifunua, hukisifu, hukifunika.

"Ahsante, Hawa mwanangu. Mie nshakula."

Hapa nataka msomaji wangu asimame kidogo. Kwetu sisi mtu akikuuliza umekula, hakuulizi. Anakukaribisha. Na jibu la karibu ni nshakula, ahsante, hata kama utumbo unalia. Ukisema sijala, umemvunjia mwenzio chungu chake, na umejivua nguo mwenyewe. Hili tunalijua kama tunavyojua mkono wa kulia. Daktari hakulijua. Yeye alituuliza umekula kwa maana umekula.

Ilikuwa Jumatatu, kipupwe cha mwaka jana, 1971. Kibaridi kilikuwa kinapiga mpaka watu wamejifunika khanga mbili. Njiani kutoka nyumbani Bi. Kazija alisimama mara tatu, akisema viatu vinambana. Alikuwa amevaa kandambili. Kwenye benchi nikafungua daftari lake. Akasema andika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Jana yake jioni sikusikia hata harufu ya kitunguu. Nikaandika. Wali wa nazi na changu wa kukaanga, kwa mwandiko mzuri.

Nesi wetu alikuwa Salma, msichana wa hapa hapa mjini, mikono yake myepesi. Daktari alikuwa anataka damu ya baada ya sindano, kwa hivyo Jumatatu sindano tulipigwa pale pale. Salma alisoma daftari, akajaza, akainama.

"Umekula asubuhi hii, Bi. Kazija?"

"Nshakula, mwanangu. Alhamdulillahi."

Akampiga kipimo kamili, kipimo cha mtu aliyekula wali wa nazi. Daktari akaitwa wodi nyengine. Tukangoja.

Kwanza alitoka jasho. Watu wamejikunyata kwa baridi, yeye buibui limelowa mgongoni. Nikamwuliza ana nini, akasema joto. Kisha akaanza kucheka. Bi. Kazija, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake yote, alicheka akamgeukia Mzee Vuai akamwambia neno ambalo sitaliandika, neno la wanaume wa bandarini. Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Vuai akapiga goti lake zima.

"Loo, bibi kalewa leo. Changu wa jana alikuwa na tembo."

Na mimi nilicheka. Kidogo, lakini nilicheka.

Nilikuwa najua ni nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Sukari ilikuwa katika pindo la khanga yangu, kijiko kizima, nimeikamata kwa vidole. Lakini nikimpa sukari mbele ya watu, Salma atauliza kwa nini, na jibu ni kwamba hajala, na kama hajala, lile daftari ni la uongo, na mwandiko ni wangu. Niliona nafasi yangu katika utafiti inaondoka, na sindano pamoja nayo, na mimi nimerudi kwenye mkeka. Pia nilifikiri, na hili nalitia kwa kuwa ni kweli wala si kwa kujitetea, kwamba Bi. Kazija hatanisamehe nikimfedhehesha. Nilivipima vitu hivi viwili. Sijui kilichozidi ni kipi. Nimejiuliza sana. Siku nyengine nasema hiki, siku nyengine nasema kile.

Nilivipima muda gani? Labda muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilipolifungua pindo, meno yalikwisha kufungana. Akaanguka ubavu, miguu inapiga sakafu, sukari ikanimwagikia mapajani. Daktari alikuja mbio akamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Alilala siku tatu. Siku ya nne akafumbua macho.

Salma alikuwa amesimama kando ya kitanda na kibakuli cha uji. Nami nilikuwepo. Bi. Kazija alitutazama kama anayetazama ukuta, kisha akasema kwa sauti ya kitoto:

"Sijala."

Alipewa uji, akaumaliza. Akasema sijala. Akapewa mwengine. Akasema sijala. Ndilo neno lililobaki. Majina yamekwenda, sala imekwenda, kudarizi kumekwenda. Aliporudishwa nyumbani akawa anatoka njiani, kichwa wazi, akimsimamisha kila apitaye, muuza kahawa, watoto wa chuoni, askari, anamshika mkono anamwambia sijala. Mwanamke aliyekaanga kitunguu ili tusijue. Watoto wakamtungia kibwagizo. Nikawafukuza, wakanitungia na mimi.

Hospitali ilifanya uchunguzi wake. Kwenye daftari bibi kala vizuri, kwa hivyo ikaonekana Salma kakosea kujaza sindano. Akatolewa, akapelekwa kwenye zahanati ya Makunduchi. Hakujitetea. Siku anaondoka alitupitia kwenye benchi akatuaga mmoja mmoja, akaniambia nikumbuke kunoa sindano.

Nilikaa kimya Jumatatu tano. Makame nilimwambia. Aliacha randa yake, akafikiri, akasema nikisema nitaua wengi, maana sindano zitakatika, nisiposema nimeua mmoja na nusu, Bi. Kazija na Salma, na yeye hawezi kunichagulia. Nilikasirika wakati ule. Sasa naona ndilo jawabu la haki alilokuwa nalo.

Jumatatu ya sita niliingia kwa Daktari nikamwambia Bi. Kazija hakuwa amekula, na kwamba nilijua wakati naandika. Nilimwonyesha na siku zangu kumi na mbili. Hakupandisha sauti. Alitoka akaenda kwenye benchi, akauliza mmoja mmoja, safari hii akiwataka wamtajie siku za njaa. Kisha bibi mmoja akaanza kulia, na baada yake wakasema wote. Daktari alirudi na madaftari mikononi, akayaweka mezani akasema, kwa kile Kiswahili chake cha pasi:

"Kwa hiyo samaki wote hawa hawakuwepo."

Alicheka pumzi moja, kisha akakaa akafunika uso. Miaka miwili alikuwa akiwaandikia wale watu wa fungu kwamba watu wa hapa wanakula vizuri na bado miguu inaoza, na alikuwa karibu kupata kitu kikubwa kutokana na hilo. Nilimwonea huruma. Nilimwambia kuhusu nshakula, kwamba kwetu si jibu. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nikamwambia hakuna aliyejua kwamba hajui.

Aliwaandikia kweli yote. Angeweza kuficha, hakuficha, na mimi namheshimu kwa hilo. Vuli ilipoanza jawabu likaja: vipimo havifai, fungu limefungwa. Alitueleza kwa kusimama, na safari hii hakufungua kitabu. Mzee Vuai akaegemea mkongojo wake akanitazama mimi, si Daktari.

"Maji yamejaa," akasema. "Na aliyeyafungulia ni huyu hapa, bibi mwandishi. Kula wali wako sasa, tuone."

Nilikuwa na jibu, kwamba kama yeye naye angesema kweli tangu mwanzo tusingefika hapo. Lakini mguu wake ulikuwa umefungwa mpaka gotini na ulikuwa unanuka, na jibu la haki si lazima lisemwe. Daktari aliondoka na meli. Chupa zilizobaki alizigawa sawasawa, kila mtu na yake. Mzee Vuai ya kwake ilipoisha, mguu ukawa mweusi. Alikatwa mara mbili, akafa kabla ya masika. Nilikwenda mazikoni, nikakaa na wanawake. Binti yake hakunipa mkono. Huenda mguu ule ungekufa vyovyote. Daktari mwenyewe alikuwa na wasiwasi nao toka mapema. Huenda. Sitaki kujisafisha kwa huenda.

Mimi masika hii nimekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilikanyaga msumari wa Makame nisihisi, nikagundua kwa kuona damu kwenye mkeka. Nilipoamka baada ya kukatwa nilivitafuta kwa mkono. Makame alikuwa amekaa chini. Aliniambia kiatu atakichonga mwenyewe, kwa mbao ya mfenesi. Amekichonga. Kinapiga kelele ngazini, watu wote wa nyumba wanajua mie ndiye nnayekuja, lakini kinafaa. Na amerudi kulala ndani.

Nilipoweza kutembea nilipanda basi nikaenda Makunduchi kumwomba Salma msamaha. Nilimkuta anafunga vidonda vya wavuvi. Alinikaribisha madafu, nikakataa kwa ajili ya sukari, akacheka, akasema hatimaye nimejifunza kukataa kwa sababu ya kweli. Nikamweleza yote: daftari, pindo, kikombe cha chai. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na maneno yake nimeyaandika siku ile ile nisiyapunguze wala kuyazidisha:

"Mie nilijua, Hawa. Nilimwona midomo imepauka. Mie nimezaliwa wapi, mpaka nisijue nshakula ya mtu mwenye njaa? Lakini ningemwambiaje mtu mzima kama yule, mbele za watu, muongo wewe, hujala?"

Kwa hivyo tulikuwa wawili tunaojua. Kwenye benchi pengine sote. Nilirudi mjini sijui kama nimefarijika au nimeongezewa mzigo.

Kwa wewe uliyeanza leo, haya ndiyo niliyonayo. Tazama nyayo zako kila siku, na kama macho hayaoni mpe mwenzio atazame. Sukari usiikose pindoni. Na nesi akikuuliza umekula, hakukaribishi. Mwambie. Jivue nguo mbele ya benchi zima ukihitaji, useme sijala, useme tokea jana. Utaona haya siku moja. Siku hizi sindano zinakuja na kukatika kama zamani, na zinapokuja nazigawa mimi, yangu na ya Bi. Kazija, maana sasa anakaa kwetu. Mamamkwe ndiye aliyesema apandishwe juu. Humchana nywele kila asubuhi, na akisema sijala humwambia, nami sijala, bibi, tungoje wote.

Leo duka la ushirika halikufunguliwa. Tulikuwa na shelisheli moja, aliloleta Makame kutoka kazini shamba. Nimelichemsha, nimelikata, nimepakua sahani moja. Sote wanne tumekaa. Nilikuwa nishajaza sindano ya Bi. Kazija, ndogo, ya kadiri ya shelisheli. Nikamsogezea sahani nikamwambia kula, Bi. Kazija. Akaitazama sahani. Akatutazama sisi, mmoja baada ya mwengine, kama anayehesabu. Kwa mwaka mzima na zaidi sijapata kuona jicho lile. Akaisukuma sahani ikarudi kwangu.

"Nshakula, mwanangu," akasema.

Mamamkwe akaweka kipande chini. Mimi sijui. Sijui kama akili imemrudia, au ni adabu tu imetangulia bila ya akili, kama kiatu kinachokuja peke yake ngazini. Kama imerudi, imerudi kutazama shelisheli moja kwa watu wanne. Sindano nikaiweka chini. Nikamega kipande nikakipeleka mdomoni mwake, akageuza uso. Nikamwambia, hujala, Bi. Kazija. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote. Machozi yalimtoka, lakini akafumbua mdomo.

Tumekula shelisheli la kuchemsha, chumvi na pilipili mbuzi. Chai ya rangi bila ya sukari. Bi. Kazija kala vipande vitatu. Nilimtazama koo mpaka kila kimoja kikashuka, ndipo nikampiga sindano.